Wifi aliomba 10, barazani kwa mavyaa zikashushwa katoni 10

Ami, asalam aleikum.

Nina mambo mawili kichwani, moja la pesa na moja la nyumba, na yote yametokana na vikombe vya plastiki.

Nakaa Kisauni. Mimi na wifi yangu, dadake mume wangu, tuna kibiashara chetu cha mabuyu, achari ya embe na visheti. Twapika kwa mavyaa, twatia kwenye vikombe vyenye vifuniko, twabandika lebo, twapeleka madukani na kwa watu wenye shughuli. Faida twagawana nusu kwa nusu. Mimi ni wa jikoni, wifi ni wa simu. Yeye ndiye huagiza vifaa, ndiye hujibu wateja, na wengi wa wateja wetu ni yeye aliyewapata.

Mwezi uliopita wifi alileta oda ya harusi Bondeni, vikombe 1,000 vya mabuyu vya kuwapa wageni. Akaingia mtandaoni akapata duka la Nairobi. Picha yaonyesha kikombe na kifuniko chake, chini pameandikwa "vikombe na vifuniko, 50 pcs", shilingi 400. Akapiga hesabu: pakiti 20 mara 50 ni 1,000. Akalipa shilingi 8,000 kwa M-Pesa. Mzigo ukaja kwa basi, pakiti 20 kamili. Kufungua, kila pakiti ina vikombe 25 na vifuniko 25. Ati hivyo ndivyo vipande 50! Tukabaki na vikombe 500, na harusi ni wikendi hiyo hiyo. Wifi alipowapigia wakamwambia akasome tangazo vizuri.

Hapo akamkimbilia muuzaji wa hapa Mombasa anayeuza kwa WhatsApp, tumeshawahi kununua lebo kwake. Kwenye katalogi yake kikombe na kifuniko chake ni shilingi 7. Wifi akamwandikia, "Naomba 10." Yeye akilini mwake ni pakiti 10 za vikombe 50, vile 500 vilivyopungua. Yule akajibu, "10 ctn, leo jioni." Wifi akampelekea kidole gumba, na shilingi 3,500 juu yake, maana 500 mara 7 ni hiyo. Jioni likaja pikapu. Sisi wawili tulikuwa Marikiti kununua sukari, nyumbani yuko mavyaa peke yake. Vijana wakashusha katoni 10, mavyaa akatia sahihi, wakaenda zao. Ami, kila katoni ina vikombe 1,000!

Kwa mwezi wa kawaida sisi twatumia vikombe 300 hivi. Tulifungua katoni moja tukatoa 500 vya harusi, harusi ikapita salama na mabuyu yakasifiwa. Sasa muuzaji adai shilingi 66,500. Asema zile 3,500 zilikuwa amana tu, na mali ikishatoka kwake hairudi. Katoni 9 zimejaa barazani, mavyaa hana pa kukaa na wenzake jioni, kila akipita asema jambo. Mume wangu ameshika lake, kwamba dadake alipe peke yake kwa kuwa ndiye aliyebonyeza simu. Wifi haji tena. Simu ya biashara aliirudisha kwa mkono wa mtoto.

Je, pesa hizo zote ni lazima tulipe? Wa Nairobi twaweza kumdai? Wifi alipe peke yake kweli? Na je, tuache kabisa kununua kwa simu, tuwe twaenda madukani kwa miguu yetu?

Mwana Achari, Kisauni


AMI ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Kabla ya kuanza kujibu barua za watu nilikuwa karani wa tali pale Kilindini, kazi yangu kusimama na ubao na kalamu nikihesabu mizigo inayoshuka. Kwa hiyo ugomvi wa huyu kusema aliomba kumi na yule kusema alileta kumi naujua ladha yake. Mara nyingi wote wawili husema kweli, ila mmoja anahesabu mifuko na mwenzake anahesabu marobota.

Shauri lako lina wauzaji wawili, na nakuomba usiwatie kwenye kapu moja kwa sababu ya hasira. Wa Nairobi, wewe ndiye unayemdai. Wa Mombasa anakudai wewe, na sehemu ya deni lake ni haki yake. Nitaanza na huyu wa pili, maana siku zinavyokwenda ndivyo unavyozidi kuumia.

Leo hii, kabla hujamaliza kunisoma, ziingizeni hizo katoni ndani. Utepe wa kiwandani usiguswe, hata kwa kuchungulia. Katoni ambayo haijafunguliwa ni mali inayoweza kurudi kwenye rafu ya mwenyewe, ikishachanwa huna la kumwambia. Ziweke juu ya mbao, si juu ya sakafu, maana maboksi ya karatasi hunyonya unyevu na Mombasa hatuna upungufu wa unyevu. Kisha zipige picha moja moja, lebo ya ubavuni isomeke: ukubwa wa kikombe, idadi, na hali ya utepe.

Sasa deni. Wifi yako ametuma kidole gumba, na watu wengi hudhani kidole gumba si neno. Mwaka 2023, huko Kanada katika jimbo la Saskatchewan, mahakama iliamua kesi ya mkulima aliyetumiwa kwa simu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani. Akajibu kwa kidole gumba. Mbegu hazikupelekwa, bei ikapanda, akashtakiwa. Akajitetea kwamba kidole kile kilimaanisha tu kuwa ujumbe umefika. Jaji akaangalia jinsi wawili hao walivyozoea kufanya biashara kwa majibu mafupi ya simu, akasema kidole kile ni sawa na sahihi. Mkulima akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Hukumu ya kule haimfungi hakimu wa Mombasa, lakini msije mkasimama mbele ya mtu mkasema "tulituma kidole tu".

Hata hivyo nanyi mna la kusema, tena zito. Mlituma shilingi 3,500. Hiyo si namba ya kubahatisha, ni bei kamili ya vikombe 500 kwa bei yake yeye mwenyewe. Mali ya katoni 10 ni shilingi 70,000, na 3,500 ndani yake ni asilimia 5. Muuzaji gani hukubali amana ya asilimia 5 bila kuuliza salio litakuja lini? Na kwa maelezo yako, neno amana halikuandikwa na yeyote mpaka mzigo uliposhuka. Pesa ile ingemfanya aulize, kama vile neno "ctn" lingemfanya wifi aulize. Kila mmoja aliona dalili akaipita. Kwa jicho langu kosa limegawanyika, na ndiyo maana nataka mwende kwa suluhu badala ya kwenda kwa kelele.

Halafu sahihi ya mavyaa, ambayo nahisi huyo bwana anaiona ni ngao yake. Bandarini, hati ya shehena ya kontena lililofungwa huandikwa idadi ya vifurushi na maneno "inasemekana ndani mna" hiki na kile. Mwenye meli anakiri alichokiona kwa nje, hakiri kilicho ndani, wala hakiri kwamba mwenye mali aliagiza kiasi hicho. Mavyaa naye amekiri kwamba katoni 10 zimeshushwa barazani kwake. Basi. Hakuwa mnunuzi, hakujua bei, hakukubali deni. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inampa mnunuzi nafasi ya kukagua mali kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Na ikiwa muuzaji ameleta zaidi ya mlichopatana, mnunuzi anaruhusiwa kuchukua kiasi kilichopatanwa na kukataa kilichozidi.

Lakini sheria hiyo hiyo ina makali upande wa pili. Mnunuzi akikaa na mali muda mrefu bila kumwambia muuzaji kwamba anaikataa, huhesabiwa ameikubali. Na ile katoni mliyoifungua mkaitumia, hiyo ni yenu, hakuna mjadala, lipeni shilingi 7,000 zake. Kwa hiyo kunyamaza, ambako nasikia ndiko wifi alikokimbilia, ndicho kitu kibaya kuliko vyote sasa hivi.

Fanya hesabu nami. Kwa mwezi mnatumia vikombe 300, Ramadhani bila shaka zaidi. Kikombe kwa shilingi 7 ni bei nzuri. Wa Nairobi, kwa namna alivyohesabu yeye, amewauzia kikombe na kifuniko kwa shilingi 16! Basi usirudishe zote 9. Baki na katoni 3, ile iliyofunguliwa na mbili zaidi. Mtakuwa na vikombe 2,500 ambavyo havijatumika, akiba ya miezi minane hivi, na plastiki haiozi. Katoni 3 ni shilingi 21,000. Toa 3,500 mlizotuma, inabaki 17,500. Mwandikie leo, kwa maneno kama haya:

"Asalam aleikum. Ni kuhusu vikombe vilivyoletwa Kisauni. Sisi tulikusudia vikombe 500, na tukalipa 3,500 ambayo ni bei ya vikombe 500. Zimefika katoni 10 za vikombe 1,000. Katoni 9 hazijafunguliwa, picha ni hizi. Tunapendekeza tubaki na katoni 3, jumla 21,000, tutoe 3,500 tuliyolipa, tukulipe 17,500. Katoni 7 tutazirudisha kwa gharama yetu, siku na saa utakayosema."

Ona nilivyoandika. Hakuna "umetuibia", hakuna "wifi alikosea". Kuna kiasi, bei na siku. Mkishatuma, mwendeeni dukani asubuhi wakati bado hana wateja, na mchukueni wifi, maana yeye ndiye anayejuana naye. Huenda akataka kukata kidogo kwa usumbufu wa kurudisha mali rafuni. Akitaka kiasi cha heshima, mpeni. Akishikilia kwamba hairudi hata moja, mjue ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na imewekewa siku 60 kumaliza kesi. Mombasa ipo. Ila naye anaujua mlango huo huo, kwa hiyo msiutaje kama fimbo.

Wa Nairobi sasa. Huyu nina neno naye. Picha ni ya kikombe kilichofunikwa, maandishi ni "vikombe na vifuniko, 50 pcs". Mtu mia moja ukiwasomesha tangazo hilo, watasema ni vikombe 50, kila kimoja na kifuniko chake. Kuhesabu kifuniko kama kipande kamili ni ujanja wa karatasi, na kanuni ya kawaida ya mikataba ni kwamba maneno yenye utata huelekea kusomwa dhidi ya aliyeyaandika. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na anachonunua. Na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inamtaka anayeuza kwa mtandao ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla oda haijafungwa.

Kurudisha hamwezi, vimeshakwenda harusini. Daini kilichopungua: vikombe 500 na vifuniko vyake, au shilingi 4,000. Kabla ya kuwapigia, piga picha ya skrini ya tangazo lile, picha na maandishi na bei pamoja, maana ukishalalamika wanaweza kulibadilisha usiku huo huo. Weka na ujumbe wa M-Pesa na picha ya pakiti mliyoihesabu, vikombe 25 huku na vifuniko 25 huku. Wakikataa, malalamiko ya wateja hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Sikuahidi kwamba pesa itarudi. Kwa shilingi 4,000, tumia jioni moja kuandika vizuri, kisha endelea na mabuyu yako.

Umeniuliza muache kununua kwa simu. Ya nini? Hata ukienda kwa miguu, namba bila jina la kinachohesabiwa itakukosesha. Nenda Biashara Street useme unataka kanga tatu, na muuzaji mwenye akili atakuuliza, tatu au doti tatu? Maana doti ni vipande viwili, na bei ya ukutani ni ya doti. Anayeuza boriti atakuhesabia kwa korija, yaani ishirini. Tofauti ni kwamba pale dukani kuna mtu wa kukuuliza, na macho yako yanaona rundo. Kwenye simu hakuna anayeuliza. Kile kisanduku cha idadi hupokea 10 yoyote utakayoitia, iwe ya vipande, ya pakiti au ya katoni, na hakishangai.

Kwa hiyo mshangao uwe wako. Ukiona "50 pcs", swali la kwanza ni vipande vya nini. Kitu chochote chenye sehemu mbili ni mtego: kikombe na kifuniko, chupa na kizibo, boksi la keki na kibao chake. Glavu za jikoni nazo, boksi la 100 ni glavu mia, yaani jozi 50, na nimeona mwenye hoteli akigombana kwa hilo mpaka jasho likamtoka. "Set" ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa kila duka lina "set" yake. "Dz" ni dazani, 12. Grosi ni dazani 12, yaani 144. Rimu ya karatasi ni 500. "Ctn" ni katoni, na katoni haina idadi yake duniani, inaweza kuwa 200, inaweza kuwa 2,000, ni lazima iandikwe.

Kuna na ukubwa, ambao hamjaungua nao bado. Vikombe vingi vinavyotoka nje hupimwa kwa aunsi. Kikombe cha aunsi 8 za Kimarekani ni mililita 237 hivi, si 250, na ukikijaza mabuyu kwa kipimo chako cha kawaida mzani utakucheka. Kifuniko hakipimwi kwa ujazo, hupimwa kwa upana wa mdomo, kwa milimita. Ndiyo maana unaweza kununua vikombe duka hili na vifuniko duka lile, vyote "vya mililita 250", na visifunikane. Siku ya kununua vifuniko peke yake, chukua rula.

Halafu kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko maelezo yote ya tangazo ni bei ya kimoja. Chukua jumla ya pesa, gawanya kwa idadi unayodhani unanunua, kisha jiulize kama bei hiyo ina akili. Wifi angewauliza wa Nairobi, "Kwa hiyo kikombe na kifuniko chake ni shilingi 8?", wangelazimika kusema ndiyo au hapana. Na kwa huyu wa Mombasa angeandika, "Naomba vikombe 500 na vifuniko 500, shilingi 7 kila kimoja na kifuniko chake, jumla 3,500, sitaki zaidi." Sentensi moja, na katoni zisingeshuka. Namba sema mara mbili, kwa vipande na kwa pesa, ili moja ikikosewa nyingine iseme.

Mambo madogo nayapita haraka. Kikapu cha mtandaoni hukumbuka, ulichokitia wiki iliyopita ukakiacha kinaweza kuwa bado kimo, kwa hiyo kifungue chote ukisome kabla ya kulipa. Mtandao ukikwama baada ya kubonyeza, usibonyeze tena. Subiri ujumbe wa M-Pesa au wa duka, maana oda mbili huzaliwa hapo. Duka usilolijua, agiza pakiti moja kwanza, ifungue, ihesabu, ndipo uagize 20. Najua harusi zenu hupangwa kwa haraka, lakini pakiti moja kwa bodaboda ni nafuu kuliko haya. Na mzigo ukija, asiyejua idadi asitie sahihi kabla ya kuwapigia simu. Akibanwa, aandike kando ya jina lake, "haujahesabiwa". Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, basi nunueni daftari la kurasa chache, liwe jikoni: tulichoomba, kwa vipande, kilichofika, kwa vipande.

Ikiwa huyo bwana atakataa kurudishiwa zote 7, msikae nazo. Kisauni hadi Kongowea kuna akina mama wangapi wanaouza uji, ukwaju, kaimati na achari kwa vikombe? Waandikieni kwa uwazi: vikombe na vifuniko, ukubwa huu, mdomo milimita kadha, 100 kwa shilingi kadha. Msifungue katoni kabla mnunuzi hajalipa. Tahadhari moja tu: msiwapelekee wauza juisi wa ufukweni. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa, fukwe na mbuga zikiwemo, na sitaki mteja wenu akamatwe na vikombe vyenye lebo ya achari yako.

Nimekuja kwenye nyumba. Mume wako anazungumza kama kwamba shilingi 66,500 zimezama baharini. Mwonyeshe hesabu. Mkipatana na muuzaji, zile 17,500 si hasara, ni vikombe mtakavyovitumia, ambavyo mngevinunua hata hivyo mwezi huu, ule na ule. Hasara ya kweli ni ya pikapu la kurudisha katoni 7, chochote atakachokata yule bwana, na shilingi 4,000 za Nairobi kama hazitarudi. Hayo ndiyo mnayogombania watu wazima, na kwa hayo dada wa mtu hafai kukosa kuja kwao.

Pesa hizo zitoke kwenye biashara, kabla ya kugawana. Wifi hakununua vikombe vya kwake. Aliagiza kwa haraka, kwa kazi ya wote wawili, na wewe hukuwa na namna ya kujua kwa sababu mlimwachia simu peke yake. Hilo ndilo la kurekebisha: yeye aandike oda, wewe uisome kwa sauti kabla haijatumwa. Nenda kwake wewe mwenyewe, usimtume mtoto, na simu uende nayo. Usianze na vikombe. Anza na oda inayokuja, kisha mwambie asubuhi mna safari ya kwenda kwa yule bwana.

Na mumeo akirudia kwamba aliyebonyeza simu alipe peke yake, muulize kama faida ya ile harusi ya Bondeni nayo wifi aichukue peke yake, maana oda ile iliingia kwa simu hiyo hiyo.